Kutuma riali kutoka Maskati hadi akaunti ya mama aliyeko Wete, Pemba: pesa zinapungua wapi, na kwa nini nyingine hurudi

Swali: Asalaam aleikum. Mimi ni mtu wa Wete, nafanya kazi Maskati, huu mwaka wa nne. Kila mwezi namtumia mama pesa kwenye akaunti yake ya shilingi. Mwezi uliopita nilitoa riali 400 na ada ya riali 3, risiti ikaandika dola 1,030. Karatasi ya benki ya mama inaonesha zimeingia dola 1,005, naye akapata shilingi 2,462,250. Mwezi wa kabla yake pesa zilirudi baada ya wiki tatu, tena pungufu, na hakuna aliyenambia sababu. Sasa nataka kupeleka riali 2,000 za msingi wa nyumba. Nipitie wapi zisiliwe njiani?

Jibu: Wa aleikum salaam, dada. Umefanya vyema kuweka karatasi za pande zote mbili, ya Maskati na ya Wete. Wengi huwa na risiti ya kutuma peke yake, na kwa hiyo hawajui pesa zilipungulia wapi. Zako zinaonesha kila hatua, basi tuzisome.

Riali ya Oman imefungwa kwenye dola. Riali 1 ni dola 2.6008, na kiwango hicho hakijabadilika tangu mwaka 1986. Riali 400 zako kwa hiyo ni dola 1,040 na senti 32. Risiti inasema 1,030. Dola 10 na senti 32 zimeondoka kabla pesa hazijatoka kwenye duka la fedha ulikozitumia, na hazikuandikwa popote kuwa ni ada. Zimo ndani ya bei, kwa sababu wamekuhesabia riali moja kwa dola 2.575. Anayetuma kutoka Uingereza au Ulaya hawezi kuliona pengo hili kwa urahisi, maana pauni na yuro hupanda na kushuka kila saa. Wewe uliye Oman unaweza kulipima kwa kikokotoo cha simu ukiwa mbele ya karani. Zidisha riali zako kwa 2.6, kisha tazama karatasi yake.

Pengo la pili ni zile dola 25 baina ya 1,030 na 1,005. Hizo zimekatwa njiani. Dola haitoki Maskati ikaenda moja kwa moja Pemba. Duka lina benki yake, benki hiyo ina akaunti katika benki ya New York, na benki ya mama nayo ina benki inayoipokelea dola, ama huko New York ama kwa kupitia benki nyengine ya Dar es Salaam. Kila anayezishika huweza kuchukua chake. Nani alipe makato hayo huamuliwa na herufi tatu kwenye fomu. SHA maana yake wewe unalipa upande wako tu, na makato ya njiani yanatoka kwenye pesa zenyewe. BEN maana yake mpokeaji anabeba yote. OUR maana yake unalipa yote wewe hapo kaunta, na pesa zinatakiwa zifike kamili, ingawa benki ya mwisho huweza bado kutoza ada yake ya kupokea. Usiposema chochote, karani huandika SHA. Huenda fomu yako iliandikwa hivyo.

Pengo la tatu liko Wete. Akaunti ya mama ni ya shilingi, na zilizoingia ni dola, kwa hiyo benki imezinunua kwa bei yake ya kununulia. Gawa 2,462,250 kwa 1,005 utapata 2,450. Kujua kama bei hiyo ni nzuri au mbaya, ilinganishe na bei ya katikati (baina ya kununua na kuuza) ya siku ile ile, ambayo Benki Kuu ya Tanzania huitangaza kila siku ya kazi kwenye tovuti yake. Tuchukulie kwa mfano tu kwamba ilikuwa 2,490. Hapo hesabu inasimama hivi: bei ya Maskati imekugharimu shilingi 25,697, makato ya njiani 62,250, na kubadilisha Wete 40,200. Ongeza ada ya riali 3, ambayo ni kama shilingi 19,400. Jumla ni zaidi ya 147,000, na iliyotajwa kwako kuwa ni ada ni ile ya riali 3 peke yake.

Kwa sababu hiyo usichague duka kwa kutazama ada. Tangazo la "tuma bila ada" ukutani halikuambii kitu. Uliza kila mahali swali moja: nikikupa riali 403, na sitoi baisa moja zaidi, kwa mama zitaingia shilingi ngapi? Anayekutajia shilingi nyingi zaidi, na akaziandika kwenye risiti, ndiye wa kumpa. Anayesema "itategemea na benki ya huko" anakutumia dola, na mapengo mawili ya mwisho yote yatakuwa juu yako.

Kwa pesa za kila mwezi, riali 400 au pungufu, njia inayofaa ni ya kampuni za kutuma pesa zinazolipa kwa shilingi. Kampuni hizo zina pesa zao ndani ya Tanzania tayari. Wewe unalipa riali Maskati, na mshirika wao wa hapa anaingiza shilingi kwenye akaunti ya mama kwa malipo ya ndani ya nchi. New York haiguswi, kwa hiyo dola 25 za njiani hazipo. Wanachopata wao ni tofauti ya bei, nayo utaiona papo hapo ukilinganisha shilingi kwa shilingi. Hakikisha tu risiti imeandikwa TZS na siyo USD. Mara nyingi kampuni ile ile inatoa huduma zote mbili, na karani hubonyeza ya dola kwa mazoea.

Kuna pia kutuma kwenye simu. Ni haraka, na kwa mama aliye mbali na mji huokoa nauli ya kwenda benki. Lakini kuna mambo mawili ya kuangalia kabla. Kwanza, laini ya mama imesajiliwa kwa jina la nani? Wazee wengi wanatumia laini ambayo mtoto au mjukuu ndiye aliyekwenda kuweka alama ya kidole, na ukituma kwa jina la mama wakati laini ni ya kijana wake, pesa zitakwama au zitarudi. Pili, kumbuka kuongeza ya kutolea, maana wakala hukata anapotoa. Kwa kiasi kikubwa, makato hayo ya kutolea yanaweza kumaliza faida yote ya njia hii, na kila akaunti ya simu ina kikomo chake. Mimi ningeiweka kwa pesa za chakula na dawa, ya nyumba nisingeipitisha huko.

Sasa zile zilizorudi. Pesa zikirudi huja na sababu, na sababu ni msimbo mfupi ulioandikwa kwenye ujumbe wa marejesho. AC01 ni namba ya akaunti isiyo sahihi. AC04 ni akaunti iliyofungwa. BE01 ni jina lisilolingana na mwenye akaunti. RR04 ni sababu za kisheria, yaani ukaguzi wa majina au wa asili ya pesa. Rudi dukani na risiti yako ya mwezi ule, uwaombe wakutafutie msimbo huo. Wanao, na ni haki yako kuujua.

Kwa hali yako, wiki tatu ni muda mrefu mno kwa kosa la namba ya akaunti. Kosa la namba hugundulika mara tu pesa zinapofika benki ya mwisho, na siku chache baadaye zinaanza kurudi. Wiki tatu zinanielekeza kwenye ukaguzi wa jina: benki moja ya njiani imeuliza swali, swali likarudi Maskati, halikujibiwa, basi wakazirejesha. Majina yetu yana tabu hii kuliko mengi. Mohamed, Ali, Omar, Salim, Khamis ni majina ya watu wengi sana duniani, na wachache miongoni mwao wamo kwenye orodha za vikwazo ambazo benki za Marekani hulazimika kuzikagua. Mashine inapoona jina linalofanana huzuia kwanza, kisha ndiyo huuliza. Haimaanishi kuwa mama ameshukiwa kwa lolote. Wanachotaka ni kitu cha kumtenganisha yeye na yule wa kwenye orodha: tarehe ya kuzaliwa, mahali pa kuzaliwa, namba ya kitambulisho. Wape hayo mapema, siku unayotuma, hata kama fomu haiyaombi. Na mwulize karani ni namba gani ya simu iliyo kwenye faili lako. Kama ni ile ya mwaka wako wa kwanza Maskati na umeshaibadilisha, basi huenda walikupigia na hukupatikana.

Kisha lipo tatizo la maandishi ya jina, na hili ni letu wenyewe. Kitambulisho cha Mzanzibari kimeandika Khamis, kile cha NIDA kimeandika Hamisi, kitabu cha benki kimeandika Hamis. Ali kwengine ni Ally. Omar huwa Omari. Sisi tunasoma tunaona ni mtu yule yule, lakini mashine inaona watu watatu. Jina la kufuata ni lile lililo kwenye akaunti, herufi kwa herufi, hata kama unajua limekosewa. Mwambie mama, au aliye naye, aende tawini aombe karatasi yenye jina kamili la akaunti, namba ya akaunti, jina la tawi na msimbo wa SWIFT (herufi za kuitambulisha benki kimataifa), kisha akupigie picha. Usiandike kwa kusikia simuni. Fomu za Oman hutaka jina la kwanza, la kati na la ukoo. Weka jina la mama, la baba yake, la babu yake, kwa mpangilio huo huo wa kwenye akaunti, na usimwongezee bint wala nisba ya ukoo ambayo kwenye akaunti haimo.

Namba ya akaunti ikianza na sifuri, sifuri hiyo ni sehemu ya namba na isiachwe. Kama fomu inang'ang'ania IBAN (namba ndefu ya akaunti ya mtindo wa kimataifa), jua kwamba Tanzania haitumii IBAN, kwa hiyo mama hana na hatakuwa nayo. Namba ya kawaida ndiyo inayoingia, na karani akishachagua nchi ya Tanzania mfumo wake kwa kawaida huikubali. Kwenye nchi usitafute Zanzibar, haimo kwenye orodha. Chagua Tanzania, kisha kwenye mji andika Wete, Pemba. Usiuache mji wazi kwa sababu eti hakuna jina la mtaa wala namba ya nyumba. Mji na nchi ndivyo vinavyotazamwa kwanza, na shehia inatosha kwa sehemu ya mtaa.

Msimbo wa SWIFT una herufi 8, au 11 ukiwa na tawi. Nne za mwanzo ni za benki, ya tano na ya sita ni za nchi. CRDB ni CORUTZTZ, NMB ni NMIBTZTZ, Benki ya Watu wa Zanzibar ni PBZATZTZ. Ukikuta ya tano na ya sita si TZ, simamisha kalamu. Nasema hivi khasa kwa wenye akaunti PBZ, maana Kroeshia kuna benki kubwa iitwayo Privredna banka Zagreb, nayo hufupishwa PBZ. Msimbo wake ni PBZGHR2X. Karani akiandika PBZ kwenye mashine na kubonyeza ya mwanzo inayotokea, pesa za Wete zinaweza kuelekea Zagreb. Herufi HR katikati ndizo za kukushtua.

Jambo jengine linalorejesha pesa, na watu hulisahau, ni akaunti iliyolala. Akaunti iliyokaa muda mrefu bila kuwekwa wala kutolewa kitu huzuiwa, na kuiamsha kunataka mwenyewe aende tawini na kitambulisho. Ya mama yako inapokea kila mwezi, haina shaka. Lakini ukitaka kutumia ile uliyoifungua mwenyewe kabla ya kusafiri miaka minne nyuma, iamshe kwanza.

Tuje kwenye riali 2,000. Hapa hesabu inageuka. Dola 25 za njiani juu ya dola 1,030 ni zaidi ya asilimia 2, lakini juu ya dola 5,200 hazifiki nusu ya asilimia. Kinachouma kwenye kiasi kikubwa ni bei. Kwa ile 2.575 ya mwezi uliopita, riali 2,000 zingepoteza dola 51 na zaidi hapo hapo Maskati. Ukipata 2.59 umebakisha dola 30 mkononi. Upande wa Wete, shilingi 40 kwa kila dola 1 ni zaidi ya shilingi 200,000. Kwa hiyo zungumzia bei, na uzungumze kabla ya kutoa pesa. Madukani Maskati kwa kiasi hicho meneja huweza kukupa bei iliyo bora kuliko ya ubaoni. Huku nyumbani pia, tawi likiambiwa mapema kwamba zinakuja dola elfu tano, huweza kuomba bei maalumu makao makuu. Wasioomba hupewa ya ubaoni.

Ningekushauri ufungue akaunti ya dola, kwa jina lako au ya pamoja na mama, na utume kwa benki kwa OUR. Dola zikishaingia kwenye akaunti ya dola hazibadilishwi mpaka useme wewe, na unabadilisha kadiri fundi anavyohitaji: za mawe na saruji kwanza, za nondo baadaye. Fundi na duka la vifaa walipwe kwa shilingi, maana tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutoza na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Akaunti ya dola yenyewe hazikuikataza. Lakini usizikalie dola kwa imani kwamba shilingi itashuka daima. Mwaka 2024 dola ilifika karibu na shilingi 2,700, na kabla ya mwaka kwisha ikawa chini ya 2,500. Aliyengoja bei ipande zaidi alinunua saruji kwa hasara.

Kama akaunti itakuwa ya pamoja, kwenye fomu ya kufungulia kuna mahali pa kuchagua: atie saini mmoja yeyote, au mtie saini wote wawili. Ukichagua wote wawili na wewe uko Maskati, hakuna hata shilingi itakayotoka. Ukichagua mmoja yeyote, mama anaweza kutoa peke yake, na pia anaweza kuombwa na kila jamaa mwenye shida. Kwa nyumba naona ni bora akaunti yako mwenyewe unayoiendesha kwa simu, umlipe fundi na muuza vifaa moja kwa moja, na mama abaki na akaunti yake ya matumizi. Itamwondolea lawama. Mtu wa kukusimamia huko akihitajika, mwandikie hati ya uwakala na uithibitishe ubalozi wetu Maskati kabla hujaileta.

Kwa kiasi hicho utaulizwa pesa zimetoka wapi na za nini, pande zote mbili. Kuwa na nakala ya kitambulisho chako cha ukaazi, barua au karatasi za mshahara, na mkataba wa fundi au makisio ya vifaa. Kwenye sehemu ya dhumuni sema wazi kuwa ni ujenzi wa nyumba ya familia. Usiandike msaada wala mchango. Maneno hayo huvuta ukaguzi, kwa sababu michango hukaguliwa kwa namna yake. Siku ukitaka kuchangia madrasa au msikiti, fanya muamala wa peke yake, kwenye akaunti ya taasisi yenyewe iliyosajiliwa, usiuchanganye na wa nyumba. Na usizigawe riali 2,000 vipande vinne ndani ya wiki moja ili usiulizwe. Hilo ndilo hasa linalotazamwa, na linaonekana baya kuliko kiasi chenyewe.

Kuhusu siku: Ijumaa na Jumamosi Oman wamepumzika, New York na Zanzibar wanapumzika Jumamosi na Jumapili. Ukituma Jumapili, Maskati wako kazini lakini dola haina wa kuipokea, italala hadi Jumatatu. Jumatatu hadi Jumatano asubuhi ndio wakati mzuri. Epuka kukaribia Idd, na huku kwetu tarehe 12 Januari.

Siku unayotuma, usitoke kaunta bila nakala ya ujumbe wa malipo. Makarani wengi bado wanauita MT103, ingawa mfumo umebadilika na jina rasmi ni jengine, watakuelewa. Ndani yake kuna namba ndefu iitwayo UETR, yenye tarakimu na herufi 32 na vistari vinne. Kwa namba hiyo benki yoyote iliyomo njiani inaweza kuona pesa zimesimama wapi na kwa nani. Zikipita siku tatu za kazi hazijaingia, nenda na UETR dukani uombe zifuatiliwe, na mama aipeleke nakala hiyo hiyo tawini. Kuuliza "pesa zangu zimefika?" bila namba hiyo hakuna karani anayeweza kukujibu kwa hakika.

Kuna watakaokwambia mpe fulani riali pale Maskati, na mwenzake aliyeko Darajani, Unguja, atatoa shilingi jioni hiyo hiyo bila karatasi. Bei yao huvutia. Lakini huna risiti, huna wa kumshitaki, na pesa anazomkabidhi mama hujui zimetoka wapi. Zanzibar ina sheria yake ya kuzuia utakasishaji wa fedha, namba 10 ya mwaka 2009, na asiyeweza kuonesha asili ya pesa za nyumba anaweza kujikuta anajibu maswali ambayo si yake. Ukija nazo mkononi mwenyewe ni halali, ila zikizidi thamani ya dola 10,000 uzitangaze kwa forodha unapoingia.

Kabla ya riali 2,000, tuma kwanza riali 50 kwenye akaunti hiyo mpya ya dola, kwa fomu iliyojazwa vile vile na kwa OUR ile ile. Utalipa ada mara moja ya ziada, lakini karatasi itakayotoka Wete itakwambia jina limekubaliwa, njia ni ipi, na zimekatwa ngapi. Ya pili unakili kila herufi kutoka ya kwanza. Na muuza vifaa au fundi akikuandikia WhatsApp kwamba amebadilisha namba ya akaunti, usitume kitu mpaka umpigie, kwa namba yake ya zamani, na umsikie sauti.